Nyumba ya kupangisha: kodi ya miezi sita uliyopokea Januari ni deni mpaka Juni

#1 Mleta mada (Kimara, Dar)

Habari zenu wakuu.

Kila wiki humu naona mtu anauliza: "Nina akiba kidogo, nijenge vyumba vya kupangisha?" Wanaojibu wanampa bei ya tofali na bati, wanazidisha idadi ya vyumba kwa kodi, wanazidisha kwa kumi na mbili, basi. Sijaona anayemweleza hela ya kodi inavyokaa mkononi, na hapo ndipo mimi nilipoumia. Naandika kwa urefu, mnivumilie.

Kiwanja nilinunua mwaka 2014 kwa milioni 12. Msingi nilichimba 2016. Sikukopa benki. Mwezi huu tofali mia mbili, mwezi ujao tripu ya mchanga, bati nikazichukua kwa awamu tatu kwa muuza duka aliyenikubalia kunitunzia stoo. Julai 2019 wakaingia wapangaji wa kwanza. Jumla niliweka kama milioni 68. Nyumba ni moja ndefu ina sehemu sita: nne ni chumba na sebule na choo ndani, kila moja 150,000 kwa mwezi, na mbili ni masta (chumba kimoja chenye choo chake) za 100,000. Ikijaa ni 800,000 kwa mwezi.

Mnajua utaratibu wetu wa Dar, mpangaji analipa miezi sita kwa mpigo. Januari 2020 wote sita walilipa ndani ya siku tatu. Milioni 4 na laki 8. Nilikuwa sijawahi kushika hela ya namna ile bila kuitolea jasho mwezi huo, na akilini mwangu ile ilikuwa faida. Nikaenda Kibamba, nikaona kiwanja cha pili, nikatoa milioni 4 na nusu kama malipo ya awali. Februari inaisha sina kitu, ila najiona nimepiga hatua.

Machi 16 akatangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Kesho yake shule zikafungwa. Mmoja wa wapangaji wangu alikuwa mwalimu wa shule binafsi, mama mwenye mtoto mdogo. Mshahara wa Machi alipewa nusu, wa Aprili hakupewa. Akaja kwangu kwa heshima kabisa akasema: "Baba, narudi kwetu Songea mwisho wa mwezi huu. Nilikulipa mpaka Juni. Naomba unirudishie Mei na Juni, ndiyo nauli yangu na ya kuanzia kule." Ni 300,000. Sikuwa nayo. Mwenye nyumba ya familia sita, sina laki tatu.

Nilimrudishia kwa mafungu manne, la mwisho Septemba. Aliondoka kwa nauli ya kuchangiwa na wapangaji wenzake. Ile siku bado naikumbuka vizuri kuliko siku niliyoezeka.

Aprili hiyo hiyo masika yakawa makali na karo la majitaka likajaa. Nilikuwa nimechimba shimo moja la kutosha familia moja, nikaunganisha vyoo sita. Maji yakaanza kurudi kwenye choo cha masta ya mwisho. Gari la majitaka 120,000, baada ya siku tisa tena 120,000. Fundi akaja akasema lichimbwe shimo la pili, milioni 2 na laki moja. Hela ikatoka kwenye kikoba (kikundi cha kuweka na kukopa) cha mke wangu, na riba juu yake. Mikataba ilipoisha Juni wapangaji wengine wawili wakahama kwa sababu ya harufu, na siwalaumu. Julai nilipotarajia milioni 4.8 nikapokea milioni 2.4.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mtu akikulipa miezi sita amekukopesha. Hela ya Juni ni yake mpaka Juni ifike, umpe nyumba yenye maji, choo kinachofanya kazi na paa lisilovuja. Ukiila Januari, Juni utamhudumia kwa hela gani?

Ninachofanya tangu 2021: nina akaunti peke yake ya nyumba. Kodi zote zinaingia humo. Kila tarehe 1 najilipa 500,000, sigusi zaidi hata kama akaunti ina milioni nne. Nimeifikia hiyo laki tano hivi: nyumba ikijaa mwaka mzima ni milioni 9.6. Ondoa 800,000, maana kwa wastani kila sehemu hukaa wazi mwezi mmoja kwa mwaka, mmoja ametoka, unapaka rangi, unatafuta mwingine. Inabaki 8.8. Asilimia 10 ya TRA, mamlaka ya mapato, ni 880,000. Asilimia 10 nyingine naiweka ya matengenezo. Usafi wa nje, taa za uani na mchango wa ulinzi wa mtaa ni 40,000 kwa mwezi, mwaka 480,000. Kinachobaki ni milioni 6 na laki 5 na nusu hivi. Gawanya kwa milioni 68, haifiki asilimia 10. Mtu akikwambia nyumba inalipa asilimia 14 amegawanya kodi ya kwenye karatasi.

Kingine nilichobadilisha ni tarehe. Nilipopata wapangaji wapya sikuwaacha wote wawe Januari na Julai. Wengine wanalipa Machi na Septemba, wengine Mei na Novemba, na wawili nimewaruhusu miezi mitatu mitatu. Hela inaingia kidogo kidogo, na wakiondoka hawaondoki pamoja.

Karibuni tujadiliane. Wenye uzoefu mnisahihishe.

---

#2 Mpangaji, Sinza

Mkuu, asante sana kwa kuandika upande wa mwalimu. Mimi nimepanga miaka kumi na moja, nyumba sita tofauti, na ni mara ya kwanza naona mwenye nyumba anasema hela ya miezi ijayo ni yangu.

Niongezee jambo moja wenye nyumba mnalopuuza: dalali. Akinileta anachukua kodi ya mwezi mmoja kutoka kwangu. Maana yake anapata hela nikihama, hapati nikikaa. Nyumba niliyokaa Tabata, dalali aliyenileta ndiye aliyeanza kumwambia mama mwenye nyumba kwamba bei ya eneo imepanda, kuna mtu yuko tayari kuongeza 30,000. Mama akaniongezea ghafla, nikahama. Yule "mtu" alikaa miezi sita, naye akahama. Piga hesabu, chumba kilikaa wazi miezi miwili kwa ajili ya nyongeza ya elfu thelathini.

Na LUKU jamani, umeme wa kulipia kabla. Mita moja watu sita, mnachangishana kila baada ya siku nne. Mwenye friji anagombana na mwenye pasi. Nimeona ndoa za watu zinatikisika kwa ajili ya umeme.

---

#3 Mleta mada

Dada, la LUKU ni kweli tupu, nilisahau kuliandika. Mwanzo nilikuwa na mita moja. Ugomvi tuuache kando, tatizo lilikuwa pia bei. Ile tarifu ndogo ya D1, ya shilingi 100 kwa uniti kabla ya VAT na tozo, ni ya nyumba isiyozidi uniti 75 kwa mwezi. Familia sita kwenye mita moja mnavuka ndani ya wiki mbili, mnahamishiwa tarifu ya kawaida, T1, uniti inakuwa karibu mara tatu. Kwa hiyo mpangaji mwenye taa tatu na redio analipia bei ya mtu mwenye matumizi makubwa.

Nilianza na submita za ndani kwa kila sehemu ili kila mtu ajue alichotumia. Ugomvi ukapungua, bei ikabaki ile ile. Baadaye nikaomba mita za shirika la umeme, TANESCO, moja moja kadiri nilivyopata hela. Ni gharama, ila tangu hapo sijawahi kuamshwa usiku kusuluhisha watu.

Angalizo kwa wenye nyumba. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na Julai 2023 ikawa 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Ghorofa ni 7,500 kwa mwezi kwa kila sakafu. Anayekatwa ni anayenunua umeme, lakini kodi ni yako mwenye jengo. Mrudishie mpangaji. Mimi mkataba ukihuishwa napunguza hiyo hela kwenye kodi yake, tunaandika na risiti. Ni hela ndogo, lakini anajua humwibii.

---

#4 Fundi ujenzi, Mbagala

Bosi naomba niseme la karo maana ndiyo kazi yangu miaka yote hii.

Watu wanachora nyumba nzuri, tailizi, jipsamu, madirisha ya aluminiamu, wakifika kwenye choo wanasema "fundi, chimba tu pale nyuma". Nyumba ya wapangaji siyo nyumba ya familia. Familia moja wana ratiba. Wapangaji sita wanaoga asubuhi saa kumi na moja wote, wanafua Jumamosi wote.

Fanya chemba mbili. Ya kwanza ijengewe vizuri, ipigwe plasta, uchafu utulie humo. Maji yaende kwenye shimo la pili la kunyonya, ambalo kuta zake unaacha matundu na chini unaweka mawe. Ukimwaga vyote kwenye shimo moja, uchafu unaziba kuta na shimo linaacha kunyonya hata kiangazi. Masika ndiyo unagundua, kwa sababu ardhi nayo imeshiba maji. Halafu acha njia ya gari la majitaka kufika. Kuna nyumba imejengewa ukuta mpaka mpira wa gari haufiki, ikabidi tuvunje uzio.

Na maji ya kuoga na kufulia yatenganishe na ya choo kama nafasi ipo. Shimo litakaa miaka.

---

#5 Mchangiaji, Dodoma

Mleta mada nakuheshimu kwa kuweka hesabu wazi, lakini hesabu yako yenyewe inakuhukumu. Mwaka 2021 serikali kupitia Benki Kuu ilitoa hati fungani (unaikopesha serikali, inakulipa riba) ya miaka 25 kwa riba ya asilimia 15.95. Milioni 68 humo ni zaidi ya milioni 10.8 kwa mwaka, inaingia kila miezi sita, haikatwi kodi, haina karo, haina mpangaji wa kuhama. Hata baada ya 2022 riba kushuka hadi 12.56 bado ni milioni 8 na nusu. Wewe unapata 6.5 na usingizi huna. Kwa nini mtu wa akiba ndogo ajenge?

---

#6 Mleta mada

Kaka, swali lako nimejiuliza mara nyingi na sitalikwepa. Mtu mwenye milioni 68 taslimu leo, ambaye hataki kusumbuka, aende hati fungani. Nasema kwa moyo mmoja. Mzee wangu alipopata kiinua mgongo nilimpeleka huko mwenyewe, akina mama wa kikoba nao nimewaonyesha.

Mimi sikuwa na milioni 68. Nilikuwa na 400,000 mwezi huu, 250,000 mwezi ule, na mwezi mwingine sina. Hati fungani kiwango cha chini ni milioni moja, na hela ya mwezi ikikaa nyumbani kwangu huwa inapata msiba, ada au harusi. Tofali mia mbili zikishamwagwa kiwanjani hakuna ndugu atakayezikopa. Watu wengi wa kipato chetu wanajenga kwa sababu hiyo, kujenga ndiyo njia yao ya kutunza.

La pili, ile riba ya hati ni ile ile miaka 25. Kodi yangu ya 150,000 ya mwaka 2019 leo ni 180,000, nimeipandisha mara moja tu na taratibu. Na ardhi ya Kimara baada ya barabara kupanuliwa haiko bei ya 2014. Lakini nakubaliana nawe kwamba usumbufu una bei, na wengi hawauhesabu. Jumamosi zangu mbili kila mwezi ni za ile nyumba.

---

#7 Mchangiaji, Mombasa

Salamu kutoka Mombasa, ndugu zangu. Huku kwetu habari ya miezi sita hatuijui. Mpangaji hulipa mwezi kwa mwezi, aghalabu kabla ya tarehe tano, na anapoingia huweka diposti ya mwezi mmoja. Nimesoma maneno ya huyu ndugu nikaona yanatuhusu vilevile, kwa sababu wenye nyumba wengi huku huila ile diposti siku ileile. Mtu akihama miaka mitatu baadaye aidai, huanza kuzungushwa: mara rangi, mara kitasa. Diposti ni amana ya watu.

Upande wa serikali, KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, hutoza mwenye nyumba asilimia 7.5 ya kodi anayopokea, tangu Januari 2024, kabla ya hapo ilikuwa 10. Ni kwa anayepata kati ya shilingi za Kenya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, na hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Hutozwa juu ya kodi yote, matengenezo hayapunguzwi. Kwa hivyo mwaka wa kuezeka upya, ulipa kodi ya serikali kama kwamba hukuezeka.

Na huku kuna jambo jengine huenda bara hamlijui. Mitaa kama Majengo, Kisauni na kwengineko zipo nyumba bila ardhi. Nyumba ni yako, uliijenga au ulirithi, ardhi ni ya mtu mwengine na unamlipa kodi ya ardhi. Wapangaji wako wanakulipa wewe, nawe wamlipa yeye. Mwenye ardhi akiuza, ndipo utajua umejenga juu ya nini. Anayetaka kununua nyumba ya kupangisha huku, aulize ardhi kwanza, rangi ya ukuta baadaye.

---

#8 Mchangiaji, Mwanza

Swali kwa wote: mpangaji hajalipa miezi mitatu, hapokei simu, vitu vyake vimo ndani. Jirani yangu alimng'olea mlango. Mnafanyaje?

---

#9 Mleta mada

Usimng'olee mlango, usimfungie, usimkatie maji. Ukifanya hivyo wewe ndiye unayekuwa mshitakiwa, na deni lako linasahaulika. Anza na mkataba wa maandishi wenye namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), picha ya chumba kilivyokuwa, na saini ya shahidi wa serikali ya mtaa. Asipolipa, mpe notisi ya maandishi kama mkataba unavyosema, nakala kwa mwenyekiti wa mtaa. Ikishindikana mnakwenda baraza la kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 baraza la kata linasuluhisha tu, haliamui. Msipopatana ndani ya siku 30, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Nimefika huko mara moja tu. Mengine yote yaliishia kwa mwenyekiti, tukakubaliana alipe nusu na aondoke kwa amani. Nusu iliyopotea niliitoa kwenye ile 800,000 ya vyumba wazi. Iko kwa kazi hiyo.

---

#10 Mchangiaji, Magomeni

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mwanamke, sina mtaji wa kujenga, nina nyumba ya urithi. Marehemu baba alituachia nyumba ya Kiswahili Magomeni, vyumba sita na ukumbi katikati, banda la uani lenye vyumba vitatu. Tupo watoto saba. Tangu 2012 tunagawana kodi kwa zamu, kila mtoto ana miezi yake. Zamu yako ikifika unapokea, unakwenda zako.

Bati ni lile alilopaua baba. Chumba cha tatu na cha tano vinavuja, wapangaji wametega ndoo. Kila nikisema tutengeneze, naambiwa "atengeneze mwenye zamu ya sasa". Mwenye zamu anasema miezi yake miwili haiwezi kubeba paa la watu saba. Mpangaji wetu mmoja yupo tangu baba yuko hai, mzee wa miaka sabini, juzi kaniambia akiona masika mengine humu atahama. Nimesoma uzi huu nikalia kidogo. Nifanyeje mimi niliye wa tano kuzaliwa, nisiye na sauti?

---

#11 Mleta mada

Mama, pole. Nyumba za namna hiyo ziko nyingi Magomeni, Ilala na Temeke, na zinabomoka kwa mtindo huo huo.

Usianze kwa kuwaomba hela mfukoni, hawatatoa. Waombe wasimamishe zamu kwa muda maalumu. Vyumba tisa, hata kwa kodi ya chini ya 60,000, ni 540,000 kwa mwezi. Miezi minane bila kugawana ni milioni 4 na laki 3. Mwite fundi kabla ya kikao, akupe makadirio ya bati, mbao na misumari kwa maandishi, maana ndugu hubishana na maneno, karatasi huisoma. Akaunti ifunguliwe kwa majina ya watatu, mkubwa, wewe na mmoja mnayemwamini wote. Na baada ya paa msirudi kwenye zamu nzima, sehemu moja kati ya kumi ibaki kwenye akaunti daima. Kama usimamizi wa mirathi haujawahi kufungwa mahakamani, lifuatilieni hilo pia, la sivyo siku mmoja akitaka kuuza mtaumia.

Na yule mzee wa miaka sabini, mwambie tarehe ya kutengeneza paa. Hata kama ni ya mbali, mwambie tarehe.

---

#12 Fundi ujenzi, Mbagala

Dada wa Magomeni, makadirio nitakuja kukufanyia bure. Andika inbox. Usiguse dari kabla sijaona kenchi (mbao zinazobeba paa), nyumba za zamani mbao huwa zimeliwa na mchwa upande wa ukutani.

---

#13 Mchangiaji, Magomeni

Nimerudi. Fundi alikuja jana akapanda mpaka juu. Kenchi mbili zimekwisha, nyingine nzima. Makadirio ni milioni 3 na laki 8. Nimewapigia ndugu zangu wote sita nikawasomea karatasi. Wawili wamekubali, mmoja amesema zamu yake ni Mei na Juni hivyo haachii, wawili wanasubiri kaka mkubwa aseme. Kaka mkubwa amesema tukutane Jumapili, hapo hapo ukumbini, tukiwa tumekaa mbele ya chumba cha tatu. Yule mzee ameomba naye awepo.